Nanga Mbili: Muziki wa Bahari, Muziki wa Maziwa na Lugha za Ngara na Biharamulo

Utangulizi

Katika Kiswahili sanifu neno nanga lina maana inayojulikana na kila mtu: chuma kizito kinachotoswa baharini ili chombo kisichukuliwe na maji. Wanaisimu wengi hulihusisha neno hilo na langar ya Kiajemi, neno lililoenea pia katika lugha za kaskazini mwa India, na kwa sababu hiyo huliweka katika orodha ndefu ya maneno ya ubaharia yaliyoletwa na pepo za msimu. Yapata kilomita elfu moja kutoka pwani, katika nchi ya vilima iliyo kati ya Ziwa Viktoria na mto Ruvubu, lipo neno jingine linalofanana nalo kwa sauti lakini lisilokuwa na udugu nalo hata kidogo. Wahaya husema enanga. Wanyarwanda na Warundi husema inanga. Washi wa mashariki mwa Kongo husema lulanga. Kwa wote hao ni ala ya muziki: ubao uliochongwa mfano wa chano kirefu, na juu yake uzi mmoja unaopitishwa kutoka ncha moja hadi nyingine mara saba, nane au zaidi, hata ukawa safu ya nyuzi zinazodonolewa kwa vidole.

Nanga hizi mbili zinaweza kutumika kama alama za pande mbili za historia ya muziki katika Afrika Mashariki. Upande mmoja unatazama bahari, na kuvuka bahari unatazama Bombay na Cairo. Upande wa pili unatazama maziwa makuu. Utafiti wa upande wa kwanza umestawi kwa miongo mingi, hata sehemu ya India katika muziki wa Waswahili inaweza kuelezwa mwaka kwa mwaka na sahani kwa sahani. Utafiti wa upande wa pili ni mchache, na katika wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, ni mchache zaidi. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba pengo hilo haliwezi kuzibwa na wanamuziki peke yao wala wanahistoria peke yao. Linahitaji elimu ya lugha, kwa kuwa jambo lililoutenga muziki wa bahari na muziki wa maziwa limo ndani ya lugha zenyewe.

Bombay, 1928

Inafaa kuanza na upande unaojulikana. Mwezi Machi 1928 mwimbaji Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, Unguja, alisafiri kwa meli na wenzake hadi Bombay kurekodi nyimbo za Kiswahili chini ya nembo ya His Master's Voice. Safari hiyo haikuwa ya ajabu kwa watu wa wakati ule. Meli za Kihindi na za Kiingereza zilikuwa zikienda na kurudi baina ya Bombay, Mombasa na Zanzibar. Kampuni ya Gramophone ilikuwa imejenga kiwanda cha sahani huko Calcutta tangu 1908, na wafanyabiashara wenye asili ya India ndio waliokuwa na maduka ya kuuzia gramafoni na sahani katika miji ya pwani. Bombay ilikuwa karibu zaidi kibiashara kuliko Tabora.

Taathira ya sahani hizo imechunguzwa na wataalamu wengi. Shaaban Robert aliandika wasifu wa Siti. Muhammed Seif Khatib alichapisha Taarab Zanzibar mwaka 1992. Katika mwaka huohuo Janet Topp Fargion alikamilisha tasnifu yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha London kuhusu wanawake na kufanywa kwa taarabu kuwa ya Kiafrika, na mwaka 2014 akatoa kitabu kuhusu taarabu ya Zanzibar katika karne ya 20. Laura Fair, katika kitabu chake cha 2001 kuhusu starehe na siasa mjini Zanzibar baina ya 1890 na 1945, alizisoma nyimbo za Siti kama hati za kihistoria: alizihoji juu ya mahakama, juu ya tabaka, na juu ya wanawake ambao kumbukumbu za serikali hazikuwataja. Baadaye, mwaka 2018, akaandika historia ya sinema katika miji ya Tanzania, akaonyesha jinsi watazamaji walivyozipokea filamu za Kihindi, Awaara ya Raj Kapoor (1951) ikiwa miongoni mwao, na kuzifanya sehemu ya mazungumzo yao ya mapenzi na maadili.

Mkabala huo wa kitaaluma una fadhila tatu. Kwanza, unamtaja msanii kwa jina lake na kuieleza kazi yake kwa tarehe zake. Pili, unafuata njia ya bidhaa: nani alirekodi, nani aliuza, nani alinunua. Tatu, unakubali kwamba kuazima ni kazi ya ubunifu. Mohamed Khamis Juma Bhalo wa Mombasa, aliyefariki mwaka 2014, aliimba mashairi ya Kiswahili katika mahadhi ya filamu za Kihindi, na hakuna mtaalamu anayedai leo kwamba kwa kufanya hivyo alikoma kuwa malenga wa Kiswahili.

Njia ya Usui

Fadhila hizo tatu huwa adimu mtafiti anapogeuka na kuelekea magharibi. Nyimbo za bara zimezoeleka kuwekwa chini ya anwani ya "ngoma za asili", bila jina la mwimbaji, bila mwaka, bila msikilizaji. Kwa ufupi, pwani hupewa historia na bara hupewa mila. Ngara na Biharamulo ni mahali pazuri pa kuupima mgawanyo huo, maana historia ya wilaya hizo haikuwa ya watu waliojitenga.

Njia ya misafara iliyotoka Unyamwezi kwenda Karagwe na Buganda ilipita katika nchi ambayo wasafiri waliiita Usui, yaani Rusubi, ambayo sehemu yake kubwa imo katika Biharamulo. John Hanning Speke alipita huko mwaka 1861 na kulalamika sana juu ya hongo aliyotozwa na mtawala anayetajwa kitabuni mwake kwa jina la Suwarora. Kabla yake njia hiyo ilikuwa imetumiwa na wafanyabiashara wa pwani, na mashuhuri miongoni mwao alikuwa Musa Mzuri, mtu wa asili ya Surat nchini India, aliyefika Unyamwezi yapata mwaka 1825. Kwa mujibu wa Speke, Musa alijiingiza hata katika ugomvi wa urithi wa Karagwe, akamsaidia Rumanika kwa kumpelekea Kabaka Suna wa Buganda zawadi ya pembe za ndovu ili majeshi ya Buganda yamwondoe ndugu aliyekuwa akishindana naye.

Kwa hiyo mkono wa India ulifika Kagera zaidi ya miaka sabini kabla ya Siti kupanda meli ya kwenda Bombay. Ulileta shanga, shaba na nguo, ukachukua pembe. Lakini muziki haukufuata njia hiyo kama ulivyofuata njia ya bahari. Enanga haikuingia katika taarabu, wala mahadhi ya Bombay hayakuingia katika enanga. Maelezo ya umbali hayatoshi, kwa kuwa bidhaa nyingine zilisafiri. Maelezo ya ukaidi wa mila hayatoshi pia, kwa kuwa eneo la maziwa lilikuwa tayari kupokea ala mpya: zeze la uzi mmoja liitwalo endingidi linafikiriwa kupata umbo lake huko Buganda mwanzoni mwa karne ya 20, na kwa muda mfupi likaenea hadi Rwanda na Burundi. Sababu nyingine lazima itafutwe.

Mipaka ya lugha na mipaka ya dola

Malcolm Guthrie, katika uainishaji wake wa lugha za Kibantu, aliupitisha mpaka wa kanda mbili katika eneo hili hasa. Kishubi alikipa namba D64 na Kihangaza D65, akiziweka pamoja na Kinyarwanda (D61), Kirundi (D62) na Kiha (D66). Kizinza, kinachosemwa upande wa ziwa, alikipa E23, jirani wa Kihaya (E22) na Kinyambo (E21). Wataalamu waliomfuata waliona kwamba makundi hayo mawili yanafanana mno kuweza kutenganishwa, wakaunda kanda moja ya maziwa makuu waliyoiita J. Kwa vyovyote vile, mtu anayesafiri kutoka mji wa Ngara hadi Biharamulo na kuendelea hadi mwambao wa ziwa hupita katika mfululizo wa lugha zinazoelewana kwa viwango mbalimbali. Katika mfululizo huo mizizi miwili ya msamiati wa muziki hujirudia: -goma na -nanga. Katika Kinyarwanda na Kirundi ingoma ni ngoma inayopigwa na pia ni ufalme wenyewe. Mzizi wa -nanga nao umehamahama: kwa Waganda ennanga ni kinubi cha nyuzi nane, ala yenye umbo tofauti kabisa na ile ya ubao. Jina limebaki, kitu kimebadilika. Na mabadiliko ya namna hiyo ndiyo ushahidi wa historia.

Mipaka ya dola ilikuja juu ya mipaka hiyo ya lugha bila kuilingana. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza na Wabelgiji walipogawana nchi zilizokuwa za Wajerumani, Bugufi, ambayo ilikuwa imehesabiwa upande wa Urundi, ilibaki Tanganyika. Hivyo watu wa lugha na desturi za jamii moja wakawa na maktaba mbili za kumbukumbu, redio mbili na lugha mbili za shule. Mwaka 1963 Tanganyika ikafuta utawala wa machifu. Hatua hiyo ilikuwa na sababu zake za kisiasa, lakini kwa mpigaji wa enanga na mpigaji wa ngoma za ikulu ilikuwa na maana ya kupoteza mlezi. Kisha, mwishoni mwa Aprili 1994, daraja la Rusumo lilivukwa na wakimbizi kutoka Rwanda ambao UNHCR lilikadiria kuwa wapatao 250,000 katika muda wa takriban siku moja, wakati Ngara ilikuwa imekwisha kupokea Warundi tangu 1993. Mwaka 1995 Radio Kwizera ilianzishwa Ngara kwa ajili ya wakimbizi na wenyeji wao. Eneo lenye historia kama hiyo haliwezi kuitwa nchi ya mila zisizobadilika.

Toni na mahadhi

Hapa ndipo elimu ya lugha inapohitajika. Kiswahili kimepoteza toni. Kina mkazo unaokaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Shairi la Kiswahili hupimwa kwa mizani na vina. Kwa hiyo mshairi anayetaka kuazima wimbo kutoka Bombay hana deni kubwa kwa lugha yake: akitimiza hesabu ya silabi na kuoanisha vina, mahadhi yanaweza kupanda na kushuka yatakavyo, na maneno yatabaki yaleyale. Wepesi huu wa Kiswahili haujapewa uzito wa kutosha katika maelezo ya taarabu. Biashara ilileta sahani, lakini muundo wa lugha ndio uliofungua mlango.

Lugha za eneo la maziwa zina hali nyingine. Katika Kirundi, Kinyarwanda na Kihangaza toni ni sehemu ya neno na ya sarufi. Silabi ikipandishwa pasipostahili, msikilizaji anaweza kusikia neno jingine au njeo nyingine ya kitenzi. Kihaya na Kizinza nazo ni lugha za toni. Wamisionari waliotafsiri tenzi za Ulaya katika lugha za aina hii walikutana na tatizo hilo katika kila ubeti: wimbo ulikwenda juu mahali ambapo neno lilitaka kwenda chini. Waumini waliziimba hata hivyo, na kwa mazoea maana ilieleweka. Lakini mtambaji wa utendi, ambaye msikilizaji wake anaisikia hadithi kwa mara ya kwanza na hana kitabu mkononi, hana nafasi ya kutegemea mazoea. Mahadhi yake sharti yasikosane na neno.

Mfano ulio wazi zaidi unatoka Burundi, katika mtindo wa kupiga inanga kwa kunong'ona, ambao Cornelia Fales aliuchambua katika makala ya mwaka 2002. Mpigaji hatoi sauti ya koo. Ananong'ona tu, na mnong'ono kwa maumbile yake hauna kidato. Nyuzi za inanga ndizo zinazopanda na kushuka. Sikio la msikilizaji huviunganisha vitu hivyo viwili hata likasikia mnong'ono wenye mahadhi. Kwa maneno mengine, ala imebeba sehemu ya usemi ambayo mdomo umeiacha. Kwa mwanaisimu huu ni ushahidi wa thamani kubwa, maana unaonyesha kwamba baina ya uzi wa ala na toni ya neno upo mkataba wa zamani. Mahadhi ya kuazimwa yangeuvunja mkataba huo. Ndiyo sababu, licha ya misafara yote iliyopita Usui, muziki wa bahari ulipata makao katika Kiswahili kabla ya kupata makao katika lugha za maziwa.

Kielelezo cha Mulokozi

Namna ya kulifanyia kazi jambo hili imekwisha kuonyeshwa, na imeonyeshwa karibu kabisa na Biharamulo. Mwaka 1970 Ruth Finnegan alikuwa ameandika kwamba utendi hauna nafasi kubwa katika fasihi simulizi ya Afrika. Utendi wa Mwindo wa Wanyanga wa mashariki mwa Kongo ulikuwa umechapishwa mwaka mmoja kabla, 1969, na Daniel Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene. Na mwaka 1979 Isidore Okpewho akatoa kitabu kizima cha kuthibitisha kuwapo kwa utendi wa Kiafrika. M. M. Mulokozi aliliingia suala hilo kwa kurudi Uhaya, na mwaka 1986 akawasilisha katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tasnifu yake ya udaktari kuhusu tendi za nanga za Wahaya. Aliwarekodi manju wakiwa kazini, akayaandika maneno yao katika Kihaya, akayafasiri, akazilinganisha tendi kama Rukiza, Kachwenyanja na Mugasha, na kuonyesha jinsi ughani, uimbaji na upigaji wa nyuzi unavyopokezana ndani ya utendi mmoja.

Jambo lililomtofautisha na wakusanyaji wengi ni kwamba hakuwaacha manju bila majina. Mwaka 1997 alichapisha makala kuhusu maisha na kazi ya Habibu Selemani, aliyezaliwa yapata 1929 na kufariki 1993, akamwita manju wa mwisho. Katika makala hiyo msanii wa enanga alipata hadhi ileile aliyoipata Siti binti Saad: ana umri, ana mafunzo, ana wasikilizaji, na ana nafasi katika mabadiliko ya jamii yake. Jina lenyewe la Habibu Selemani linamkumbusha msomaji kwamba Uislamu uliokuja na njia za misafara na sanaa ya nanga ya kale viliweza kukaa ndani ya mtu mmoja.

Lengo la kumtaja Mulokozi hapa ni utaratibu wake. Hugh Tracey alirekodi nchini Tanganyika mwaka 1950 na katika Ruanda-Urundi mwaka 1952, na maktaba aliyoianzisha mwaka 1954 imehifadhi sauti ambazo pasipo yeye zingepotea. Hata hivyo, kanda ya sauti isiyo na maandishi ya maneno, isiyo na alama za toni na isiyo na tafsiri hugeuka kuwa bubu mara tu kizazi kinachoielewa kinapotoweka. Sauti itasikika, usemi hautasikika.

Hitimisho: kazi iliyo mbele

Kwa Kihaya na Kinyambo msingi wa lugha umekwisha kuwekwa. Chini ya Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, J. M. Rugemalira alitoa msamiati wa Runyambo mwaka 2002 na H. R. T. Muzale kamusi ya Kihaya mwaka 2006. Na mwaka 2009 Atlasi ya Lugha za Tanzania ikaonyesha wasemaji wa lugha hizo walipo. Ngara na Biharamulo zinastahili hatua inayofuata, yaani kurekodi nyimbo, kuzinukuu pamoja na toni zake, na kuziambatanisha na wasifu wa waimbaji.

Kazi hiyo ina muda wake. Watoto wa wilaya hizo husoma kwa Kiswahili, huuza na kununua kwa Kiswahili, na husikiliza muziki wa Kiswahili ambao nao umejaa midundo ya Mumbai, Kinshasa na Lagos. Hakuna haja ya kuhuzunika kwa jambo hilo. Kiswahili ni lugha yao vilevile, na wanakitumia kubuni. Lakini kijana anayehamia katika lugha isiyo na toni anaweza kuujua wimbo wa babu yake kwa sauti bila kujua kwa nini sauti hiyo ilipanda mahali ilipopanda. Maelezo hayo yamo kwa wazee wanaosema Kihangaza, Kishubi na Kizinza kama lugha ya kwanza na waliosikia inanga ikipigwa wakiwa watoto. Aliyekuwa na umri wa miaka kumi wakati machifu walipoondolewa mwaka 1963 amekwisha kupita miaka sabini. Vyuo vyetu vina wanafunzi wanaotoka Rulenge, Kabanga na Nyakahura wanaozisema lugha hizo. Wapewe mafunzo ya kunukuu toni na vinasa sauti, na waanze na watu wa nyumbani kwao.